Kumwandaa mhudumu wa ukuta wa kukwea wa ndani Dodoma: kutoka sakafuni hadi cheti

Somo hili ni la wanaotaka kufanya kazi kwenye ukuta wa kukwea wa ndani, na la wanaotaka kuajiri. Mwenye ghala la paa refu kule Nzuguni au Ihumwa huwaza kwanza bei ya vishikio (vipande vya kushika na kukanyaga ukutani) na magodoro. Ningemwomba aanze na watu. Mteja akikosea kufunga mkanda (ule wa kiunoni na mapajani unaoungwa na kamba), ukuta hauwezi kumwonya hata uwe wa gharama kiasi gani. Wa kumwonya ni mhudumu, na ataliona kosa ikiwa tu amefundishwa kuliona.

Hatua ya 1: Gawanya kazi

Yupo anayepokea wageni na kusimamia sakafu, yupo anayefundisha, yupo anayepanga njia kwa kufunga na kufungua vishikio akiwa juu, na yupo anayekagua vifaa. Mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili au tatu, lakini kila kazi apimwe nayo peke yake. Kukwea kwa ustadi si ruhusa ya kufundisha. Andika nani ameruhusiwa nini, aliyempima ni nani, na tarehe.

Hatua ya 2: Timiza ya kisheria

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inadai mahali pa kazi pasajiliwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Sajili pia wafanyakazi wako kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ukikumbuka kwamba mfuko huo ni wa mwajiriwa. Mteja akiumia haumhusu, kwa hiyo zungumza na kampuni ya bima mapema. Kwa huduma ya kwanza, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo. Kila zamu iwe na mtu mwenye cheti ambacho hakijaisha muda. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, pamoja na namba ya hospitali iliyo karibu, ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Hatua ya 3: Mafunzo ya sakafuni

Hapa ndipo nataka utumie muda wako mwingi.

Anza na ukaguzi wa wawili kabla ya kupanda. Mkweaji na mshika kamba (anayebaki chini na kumdaka mwenzake kwa kamba) wakaguane: mkanda umekaa juu ya nyonga na bizimu zake zimefungwa, fundo la nane limerudishiwa sawasawa, limepita sehemu zote mbili za mkanda na limeacha mkia wa kutosha, kamba imeingia upande sahihi kwenye kifaa cha breki, karabina (pete ya chuma yenye mlango) imefungwa kufuli. Mhudumu ajifunze kukagua kwa macho na kwa mkono. Karabina ibanywe, maana kwa mbali iliyofungwa na isiyofungwa hufanana.

Kisha kushika kamba. Kanuni ni moja: mkono wa breki hauachi kamba, hata mshikaji akijikuna au akiitwa. Hata vifaa vinavyosaidia kubana, kama Grigri ya kampuni ya Petzl, havifuti kanuni hiyo. Makosa ya kuvitumia nayo yanajulikana: mtu hukandamiza kibanio ili kamba itoke haraka, au huvuta mpini hadi mwisho wakati wa kumshusha mwenzake. Mfunze mwanafunzi kwa watu watatu: mmoja apande, mmoja ashike, wa tatu ashikilie mkia wa kamba nyuma ya mshikaji kama akiba. Wa tatu asiondoke hadi mwanafunzi amedaka maanguko kadhaa bila kusaidiwa na amemshusha mtu polepole hadi miguu ikagusa chini.

Kwenye ukuta mfupi usio na kamba wengi hulegeza macho wakiona magodoro. Huko kila anguko linaishia chini, na vifundo vya miguu na viwiko ndivyo huumia. Mhudumu awafundishe wageni kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, kisha kujiviringisha nyuma mikono ikiwa kifuani. Asiruhusu mtu kukaa wala mtoto kucheza chini ya anayepanda.

Mashine zinazovuta kamba zenyewe na kumshusha mkweaji bila mshika kamba zina hatari yake: mtu hupanda akiwa amesahau kujifunga. Ndiyo maana chini yake huwekwa kizuizi kikubwa cha turubai ambacho huwezi kupita bila kukifungua. Mhudumu asiache njia iliyo wazi bila kizuizi hata dakika moja.

Mwisho, uokoaji. Mtoto aliyeganda juu kwa hofu hushushwa kwa sauti ya upole na kamba iliyokazwa. Aliyezimia akining'inia ashushwe mara moja, kwa sababu damu hutuama miguuni. Fanyeni zoezi hili mara kwa mara, wahudumu wote wakiwepo.

Hatua ya 4: Vifaa na daftari

Kila mkanda, kamba na karabina iwe na namba, tarehe ya kuanza kutumika na historia ya ukaguzi. Petzl, kwa mfano, hutaka ukaguzi wa kina angalau kila miezi 12, na vifaa vyake vya nguo au plastiki haviruhusiwi kupita miaka 10 tangu vitengenezwe, hata vikionekana vipya. Kwa Dodoma ongeza bidii: upepo wa kiangazi huingiza vumbi ndani ya nyuzi za kamba na kwenye vifaa vya breki. Osha kamba kwa maji ya uvuguvugu, ianike kivulini. Na tafadhali, usiweke mikanda stoo moja na betri za sola au za gari. Asidi huozesha nailoni bila kuacha alama unayoweza kuiona.

Hatua ya 5: Cheti cha nje

Uingereza, shirika la Mountain Training lina ngazi ya mkufunzi wa ukuta wa kukwea: unajisajili, unahudhuria mafunzo, unajaza kumbukumbu za kupanda na kusimamia, kisha unatahiniwa. Kufundisha kuongoza kamba, yaani kupanda ukiichomeka kamba mwenyewe njiani, kuna ngazi yake ya juu zaidi. Marekani, Climbing Wall Association hutenganisha vivyo hivyo kamba ya juu, yaani iliyokwisha kupitishwa juu ya ukuta, na kuongoza. Gharama ya safari ni kubwa, kwa hiyo mtume yule mwenye subira ya kufundisha wenzake, hata kama kuna kijana anayemzidi kupanda.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina IRATA daraja la kwanza, nimefanya kazi kwenye minara. Inanitosha kufundisha ukutani?*

Marahaba. IRATA ni ya kufanya kazi kwa kamba: unategemea kamba mbili, na daraja la kwanza hufanya kazi chini ya msimamizi wa daraja la tatu. Itakufaa sana kupanga njia na kukagua nanga, yaani sehemu kamba zinapofungwa. Kufundisha mgeni kumshikia mwenzake kamba ni kazi nyingine, upimwe upya.

*Mwalimu, nina miaka 17, nimemaliza shule. Naweza kuajiriwa?*

Mwanangu, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamkinga aliye chini ya miaka 18 na kazi za hatari, na kubeba uhai wa mtu kwenye kamba naihesabu humo. Panda, jifunze, andika kumbukumbu zako. Ukifika 18 utakuwa mbele ya wengi.

*Wateja wanataka tuwapeleke Mlima Simba kwenye mawe. Tuwapeleke?*

Hapana, kaka. Cheti cha ukuta wa ndani kinaishia ukutani. Nje hakuna nanga zilizokaguliwa, kuna mawe yanayoweza kulegea, nyuki, na umbali wa kumbeba majeruhi. Mkufunzi wa miamba ana cheti chake.

*TANESCO wakikata umeme, mashine inamwangusha mtu?*

Mashine za breki ya sumaku hazitegemei umeme kumshusha mtu. Giza ndilo tatizo: weka taa za dharura, simamisha kupanda, wote washuke. Na mashine ipelekwe kwa ukaguzi wa mtengenezaji kila mwaka. Gharama hiyo iingie kwenye bajeti kabla hujainunua.

*Mimi ni mmiliki. Nikimsomesha mmoja, anaweza kuwapa wengine vyeti?*

Anaweza kuwafundisha na kuwaruhusu ndani ya ukuta wako, kwa saini yake na kwa kazi zilizotajwa. Usiwaambie kwamba karatasi hiyo itatambuliwa kwingine, maana siku wakihama itabidi wapimwe upya. Na kila mhudumu, akiwemo huyo mmoja, apimwe tena kila mwaka na kila anaporudi baada ya kukaa muda mrefu bila kushika kamba.