Kusoma Dalili za Mvua Ukiwa Kisumu

Anayetaka kubashiri mvua mjini Kisumu na aanze kwa kujua upepo unatoka wapi. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji ya Ziwa Victoria, hewa yake huinuka, na kufikia adhuhuri upepo wa ziwani huwa umeanza kuvuma kupitia Nyanda za Kano, ukibeba unyevu hadi kwenye vilima vya Nandi. Huko ndiko mvua ya alasiri inakopikwa.

Kwa hiyo, kuanzia saa saba mchana tazama mashariki, wala si ziwani. Mawingu meupe yenye tako bapa hayana neno maadamu ni mafupi. Yakirefuka kama koliflawa, kisha kilele kikatandaa kama fuawe ya mhunzi, mvua ya radi imekwisha kuiva. Dalili ninayoiamini kuliko zote huja mwisho: upepo wa ziwani hukatika ghafla, majani ya mgomba yakatulia tuli, halafu upepo wa baridi hushuka kutoka upande wa vilima ukipeperusha vumbi na karatasi barabarani. Hiyo ni hewa iliyopozwa na mvua ambayo tayari inanyesha huko itokako, nawe umebakiwa na dakika chache tu za kuanua nguo na omena, dagaa wa ziwani.

Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, ugawe kwa 3, utapata umbali kwa kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingia nyumbani; chini ya mwembe si mahali pa kujikinga.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa kwanza, upepo huelekea ziwani kutoka pande zote, na unapokutana huinua mawingu ya radi juu ya maji, ndiyo maana mvuvi wa omena anayetoka ufuo wa Dunga hana budi kukagua upeo wa magharibi kabla ya kusukuma mashua.

Ule msemo wa kigeni kwamba wekundu wa machweo huahidi kesho njema ulitungwa katika nchi ambazo hali ya hewa husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Mvua zetu za alasiri mara nyingi husafiri kinyume, basi usiutegemee. Kumbikumbi nao hutoka mvua ikishanyesha: watakupa kitoweo, si utabiri.