Kutofautisha nususpishi za msonobari mweusi kwa alama za vinasaba

Msonobari mweusi, Pinus nigra, umeenea kutoka Hispania na Moroko hadi Uturuki na Krimea. Kwa kawaida hutajwa nususpishi tano: salzmannii, laricio, nigra, dalmatica na pallasiana. Ukitegemea sindano na koni pekee mtabishana mpaka jua lizame, kwa sababu urefu wa sindano hubadilika hata kwa udongo na mwinuko. Vinasaba husaidia, ila kazi huharibika mapema, msituni, kabla hujafika maabara.

Hatua ya 1: Chagua miti

Kwepa miti ya kupandwa. Nususpishi nigra kutoka Austria ilipandwa sana nje ya kwao, hata kusini mwa Ufaransa ambako salzmannii ndiye mwenyeji, na chavua haiulizi mpaka uko wapi. Kwenye kila msitu wa asili mimi huchukua miti 20 hadi 30, iliyoachana mita 50 au zaidi nisije nikakusanya ndugu watupu. Rekodi GPS ya kila mti.

Usichukue ncha mbili za ramani ukaruka katikati. Misonobari hubadilika kidogo kidogo kadiri umbali unavyoongezeka. Ukiruka katikati, utaona makundi mawili yaliyoachana kumbe ni badiliko moja la polepole.

Hatua ya 2: Toa DNA

Weka sindano changa kwenye jeli ya silika siku hiyohiyo. Zimejaa utomvu na tanini, kwa hiyo tumia CTAB (sabuni ya kupasua seli) ya asilimia 2 pamoja na PVP (hunasa tanini) kwenye nyuzi 65, kisha klorofomu. Pima jinsi DNA inavyofyonza mwanga: uwiano wa 260/280, unaoonyesha kama protini imebaki, ukikaribia 1.8, vizuri, lakini usishangilie bado. Tazama 260/230, inayofichua uchafu mwingine kama sukari na kemikali. Niliwahi kuipuuza namba hiyo na PCR (kunakili DNA) ya sahani nzima ikagoma. Ikiwa chini, osha tena kwa ethanoli. Kuzimua DNA mara 10 nako huokoa sampuli nyingi.

Hatua ya 3: Ita mashahidi watatu

Utamu wa misonobari uko hapa: DNA iko sehemu tatu za seli, nazo ndizo mashahidi wetu. Kloroplasti hurithiwa kwa baba, kupitia chavua. Mitokondria hurithiwa kwa mama, kupitia mbegu. Kiini hutoka kwa wote wawili. Chavua hupeperushwa mbali, mbegu nyingi huangukia karibu na mama. Ndiyo maana mara nyingi mitokondria hutunza mipaka ya zamani huku kloroplasti ikifichua wageni. Mti wenye mitokondria ya upande mmoja na kloroplasti ya upande mwingine huenda ni chotara. Rudia kipimo kwanza, halafu ndipo uamini.

Kwa kloroplasti, maikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, vyenye urefu unaotofautiana kati ya miti) zinatosha. Kwa kiini, usikimbilie kusoma jenomu nzima: ile ya Pinus taeda, msonobari wa Marekani, iliyochapishwa 2014, ina jozi za besi zipatazo bilioni 22, na sehemu kubwa ni marudio. Chagua maikrosatelaiti 10 hadi 15 zilizotoka ndani ya jeni; zile za maeneo ya jenomu yaliyonakiliwa mara nyingi hukuletea vipande vingi hata usijue usome kipi.

Ukiwa na mbegu, una bahati zaidi. Tishu ya akiba inayokizunguka kiinitete ni haploidi (ina seti moja tu ya kromosomu) na ni ya mama mtupu. Ipime kando na kiinitete, utajua aleli (toleo la alama) ya baba ni ipi.

Hatua ya 4: Panga makundi

Endesha STRUCTURE, programu ya kugawa sampuli katika makundi ya vinasaba, kwa K (idadi ya makundi) kuanzia 1 hadi 8, marudio 10 kwa kila K. Mbinu ya Evanno, ya kuchagua K inayofaa, haiwezi kupima K ya 1, na hupenda kuchagua 2, kwa hiyo usiitii kwa upofu. Linganisha na PCA (mchoro unaoweka karibu sampuli zinazofanana), kisha pima kama tofauti za vinasaba zinafuata umbali tu. Weka pia miti ya rejea kutoka maeneo ambayo nususpishi yake haina ubishi. Bila hiyo una makundi yasiyo na majina.

Mti ambao mashahidi wake wanapingana niandikie "mchanganyiko", usiulazimishe. Tunza tawi lake na koni moja vyenye namba ileile ya kichupa cha DNA, maana utavirudia.