Kuanza uvuvi wa bunduki ya mkuki: pumzi kwanza, bunduki baadaye

Wengi wanaoanza uvuvi huu, wa kuzamia kwa kushika pumzi na kumpiga samaki kwa mkuki, hununua bunduki kwanza, ndipo wafikirie kuzamia. Tunashauri ugeuze mpangilio huo. Samaki hupatikana kwa kumkaribia, na anayemkaribia ni mtu aliyetulia, ambaye masikio yake yanafunguka na ambaye hana haraka ya kurudi juu. Kwa hiyo mizamo yako ya mwanzo iwe mikono mitupu.

Hatua ya 1: Uliza sheria, tafuta mwenza

Ziko nchi zinazopiga marufuku kabisa bunduki ya mkuki, nyingine zinadai leseni, na nyingi zinakataza kuvua usiku, kuvua ukiwa na mtungi wa hewa au kuvua ndani ya hifadhi. Ulizia idara ya uvuvi ya mahali unapotaka kuvua kabla ya kununua chochote.

Kisha tafuta mwenza. Bila yeye usizame, hata kwenye kina cha mita tatu.

Hatua ya 2: Vifaa

Miwani ya kuzamia lazima ifunike na pua. Miwani ya kuogelea, inayofunika macho tu, haifai: ukishuka hewa iliyomo hubanwa, huna njia ya kupuliza nyingine kupitia puani, na macho huumia. Chagua yenye nafasi ndogo ya hewa. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua. Ikishika bila kuvuja, inakufaa.

Mrija wa kupumulia uwe wa kawaida, usio na vali. Mapezi marefu husukuma maji mengi kwa nguvu kidogo, lakini yakikubana mguuni utapata mikakamao. Vaa glavu, na kisu kikae mahali ambapo mkono wowote unakifikia, kwa sababu siku utakayonaswa na kamba huenda mkono mmoja usiwe huru.

Mkanda wa risasi, yaani wa vipande vya madini mazito vya kukusaidia kushuka, ndipo wengi wanapokosea. Uwe wa mpira, na kifungio chake kifunguke kwa mvuto mmoja wa mkono. Ukivaa suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 3, anza na kilo 2 au 3, kisha jipime hivi: simama wima majini, toa pumzi yote, tulia. Paji la uso libaki juu ya maji. Ukizama, punguza uzito. Anayejazia risasi ili ashuke kwa urahisi anajinyima msaada wa maji wakati wa kupanda, na hapo ndipo anapouhitaji.

Boya lenye bendera ya mzamiaji na kamba ya mita 20 hivi si pambo. Ndilo linalomwambia nahodha wa boti kwamba kuna mtu chini.

Hatua ya 3: Masikio

Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyo masikioni hubaki nusu ya ujazo wake. Badiliko kubwa liko katika mita hizo za mwanzo. Ziba pua, sukuma hewa taratibu kabla hujazama, tena ukishafika mita moja, halafu kila mita. Usisubiri maumivu. Sikio likigoma, panda nusu mita ujaribu tena. Likigoma mara ya pili, rudi juu. Kulilazimisha kunaweza kupasua ngoma ya sikio. Ukiwa na mafua, siku hiyo usizame.

Hatua ya 4: Pumzi

Hatua hii isome mara mbili, kwa sababu ndiyo inayoua watu.

Hamu ya kuvuta pumzi haiji hasa kwa kuishiwa oksijeni, bali kwa hewa ya ukaa kurundikana mwilini. Mtu anayehema kwa nguvu na kwa haraka kabla ya kuzama huondoa hewa ya ukaa, lakini oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Anajiona ana pumzi ndefu, kumbe amezima kengele ya hatari. Akipanda, mgandamizo unapungua, oksijeni inayofika kwenye ubongo inashuka ghafla, na anazimia karibu na juu au akiwa ameshatoa kichwa. Mara nyingi hapati dalili yoyote.

Fanya hivi:

1. Lala kifudifudi juu ya maji, pumua polepole kwa kawaida dakika mbili.
2. Vuta pumzi moja kubwa, toa mrija mdomoni, zama.
3. Geuka kurudi juu mara tu hamu ya kupumua inapoanza.
4. Ukifika juu, usitoe pumzi yote kwa mkupuo. Toa kidogo, vuta haraka, ishikilie kidogo, rudia mara tatu au zaidi.
5. Pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini.

Mmoja akizama, mwingine yuko juu akimtazama, na aendelee kumtazama sekunde 30 baada ya kuibuka. Akizimia: shika uso wake juu ya maji, fungua mkanda wa risasi, vua miwani, mpulizie usoni na umwite jina. Asipopumua, mpe pumzi za uokoaji huku ukiita msaada. Hili lifanyieni mazoezi kwenye kozi ya kuzamia kwa pumzi, chini ya mwalimu.

Hatua ya 5: Kujaza bunduki

Ya sentimita 75 hadi 90, yenye mpira mmoja wa kurushia mkuki, inatosha. Hujazwa ukiwa majini tu, na huondolewa mvuto kabla hujapanda boti au kukanyaga ufuo. Kufuli ya usalama usiiamini.

Elekeza ncha mbali na watu. Sukuma mkuki kinyumenyume mpaka usikie umeshika, zungushia mahali pake mshipi, yaani kamba inayounganisha mkuki na bunduki, kisha egemeza kitako kifuani na uvute mpira kwa mikono miwili sawasawa. Mshipi usipite ndani ya mpira.

Hatua ya 6: Kuotea na kupiga

Majini kitu kilicho mita 4 huonekana kama kipo mita 3, na kikubwa kuliko kilivyo. Ndiyo maana wanaoanza hupiga mbali mno, na pia hupiga samaki wachanga wakidhani ni wakubwa. Zoea kwanza kulenga kipande cha sponji juu ya mchanga, ncha ikiwa mita mbili kutoka kwake.

Usimfukuze samaki. Shuka polepole, lala nyuma ya jiwe, usimkazie macho. Wengi hurudi kumchungulia mgeni. Subiri ageuke ubavu, nyoosha mkono, lenga nyuma ya kichwa juu kidogo ya mstari wa ubavu, ulipo uti wa mgongo. Ukipiga tumboni, nyama hupasuka na samaki huenda kufa bure. Usiyemtambua, au ambaye hujui kama amekomaa, mwache.

Hatua ya 7: Mkuki ukishaingia

Panda kwanza. Samaki akijichimbia pangoni, achia bunduki, kapumue, ndipo urudi. Mshike kwenye mashavu, mchome ubongo kwa kisu juu kidogo nyuma ya jicho, kata matamvua atoke damu, na umtundike kwenye boya. Usimfunge kiunoni, papa huvutwa na damu. Mweke kwenye barafu mapema. Samaki wakubwa wa miambani walao wenzao, kama chewa, wanaweza kubeba sumu ya siguatera, na moto hauiondoi. Uliza wavuvi wa hapo kabla ya kumla.

Ukitoka, suuza bunduki kwa maji yasiyo na chumvi na uihifadhi kivulini. Mpira wenye nyufa au mshipi uliochubuka, badilisha siku hiyo hiyo.