Kisu cha kukunja cha mfukoni: tazama loki kabla ya kutazama bei

Vijana wanaoanza kazi ya mlima hapa Moshi, wagumu (wapagazi) na wasaidizi wa jikoni, huniuliza sana wanunue kisu gani cha kutembea nacho. Wengi huja na picha kwenye simu: kisu cheusi, kirefu, kina meno mgongoni na ncha iliyopinda kama ya komando. Huwa nawaambia kiacheni. Hicho hakimenyi parachichi, hakifungui gunia la mchele bila kulichana, na ukikitoa ndani ya Hiace abiria wote watashuka.

Mimi ni mpishi wa mlimani. Visu vya jikoni nimevifungia kwenye sanduku la vyombo, na huko ndiko vinakotakiwa kukaa. Cha mfukoni ni kwa ajili ya yale mengine ya kutwa nzima: kamba ya mzigo, utepe wa boksi, plasta ya mteja mwenye malengelenge kisiginoni, chungwa la kula njiani. Kwa kazi hizo, bapa la sentimita 6 hadi 8 linatosha kabisa. Lipime kwa upana wa vidole vyako vinne. Likizidi hapo, mfuko unavimba na kisu kinabaki nyumbani.

Jambo la kwanza kuuliza dukani si jina wala chuma. Uliza hivi: kikiwa wazi, nini kinakizuia kisijifunge na kunikata vidole? Hicho ndicho loki. Udhaifu wote wa kisu cha kukunja uko pale kwenye pini inayounganisha bapa na mpini. Ukisukuma vibaya, bapa linarudi kwenye mpini, na vidole vyako ndivyo vilivyoushika huo mpini.

Vile vyekundu vya Uswisi, Victorinox ya kawaida, havina loki. Bapa linashikiliwa na springi ya mgongoni peke yake. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1884, na umbo la kisu chake cha afisa lilisajiliwa 1897, kwa hiyo springi hiyo imeshapimwa vya kutosha. Kwa kukata kwa kuvuta haina shida. Usikitumie kutoboa, wala kusukuma ncha kwenye kitu kigumu.

Opinel ya Ufaransa ina pete ya chuma shingoni. Unafungua bapa, unazungusha pete, basi, halirudi. Pete hiyo iliongezwa 1955, na kwa maoni yangu hakuna loki rahisi kuielewa kama hii. Namba iliyoandikwa kwenye mpini ni ya ukubwa: namba 6 ina bapa la sentimita 7 hivi, namba 8 ni sentimita 8 na nusu. Chukua 6 au 7. Shida yake ni mpini wa mti. Msitu wa Machame ukikunyeshea siku nzima, mti unavimba na bapa linakwama ndani. Dawa yake ni kugonga kitako cha mpini kwenye jiwe au mguu wa meza. Bapa linachomoza kidogo, unalishika na kulivuta.

Kuna Okapi, ile yenye nyota na mwezi wa bati kwenye mpini, ambayo wazee wengi wanaifahamu. Ilianza Ujerumani ikitengenezwa kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika. Siku hizi inatoka Afrika Kusini. Ukiifungua inalia kwa meno, na kuifunga lazima uvute pete ya mgongoni. Ni kisu cha kazi na bei yake ni ya mtu wa kawaida, ila ni kirefu kwa mfuko wa suruali, na mlio wake unawashtua watu.

Vingi vinavyouzwa mjini vina kibati ndani ya mpini ambacho kinaruka na kukaa nyuma ya bapa. Vinafunguka kwa mkono mmoja, na hilo ni zuri ukiwa umeshika kamba kwa mkono wa pili. Lakini wakati wa kufunga, dole gumba linakuwa njiani mwa makali. Lazima ulitoe gumba kabla bapa halijashuka. Mtu asiyezoea nampendekezea loki ya mgongoni, unayoibonyeza juu ya mpini, maana mkono unakaa mbali na makali.

Sasa baridi. Kibo Hut, kambi ya kuanzia safari ya kileleni, iko mita 4,720, na usiku wa kuelekea kileleni vidole vinakufa ganzi hata ndani ya glavu. Hapo ndipo utajua kisu chako kinafunguliwaje. Kile kijishimo cha ukucha kilichochongwa kwenye bapa ni kidogo mno kwa mkono wenye baridi. Unakwangua na ukucha unateleza. Kama kazi yako inafika huko juu, chagua kisu chenye tundu kubwa au kijiti pembeni mwa bapa, na ukijaribu dukani ukiwa umevaa glavu. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae. Rangi nayo usiidharau: mpini mwekundu au wa njano unauona kwenye vumbi jeusi la kambini, mweusi huuoni.

Kwenye chuma, yaani cha pua (kisichoshika kutu kirahisi) au cha kaboni (kinachoshika kutu), ugomvi wangu na wauzaji ni sumaku. Ukifika soko la Memorial hapa Moshi, kijana anakutolea sumaku ya spika: "Bro, ona, inashika. Hiki si chuma cha pua, ni cha kaboni, kikali." Mwenzake wa meza ya pili anakwambia kinyume, kwamba chake ni cha pua kwa sababu sumaku inalegea. Wote wawili hawakupi kipimo. Chuma cha pua cha vijiko na masufuria kwa kawaida hakishiki sumaku, ni kweli, lakini cha visu lazima kiwe cha aina inayokubali kukomazwa kwa moto, na hicho kinashika. Kwa hiyo sumaku haitenganishi vyuma hivi viwili.

Kinachovitenganisha ni ndizi. Huku kwetu lazima kisu kikutane na ndizi mbichi, hata kama ni cha mfukoni: mtu anakuomba umsaidie kumenya za mtori, nawe huna jinsi. Utomvu wake unalifanya bapa la kaboni kuwa jeusi papo hapo, na ukiliacha hadi asubuhi unakuta madoa ya kutu. La chuma cha pua linanata tu. Paka mafuta kidogo ya kula kwenye bapa kabla ya kumenya, kama mama zetu wanavyopaka mikononi, kisha ukimaliza osha, futa, kausha. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka na kinakuwa kikali sana, nakipenda, lakini mtu wa kulala na kisu kichafu asikinunue. Ndimu na maembe nayo yanakila.

Usivutiwe pia na chuma kigumu kupindukia. Kigumu kinakaa na makali muda mrefu, ila kikishakuwa butu utahangaika nacho kwenye jiwe la kawaida. Victorinox wanakiacha chuma chao kiwe laini kiasi, na jiwe lolote lenye sura laini linakirudisha.

Ukishakipata mkononi, kifungue na ukitikise bapa kushoto na kulia. Likicheza, rudisha. Geuza makali yatazame juu, bana mpini kwa pembeni bila kuacha kidole kwenye mfereji, kisha kandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, taratibu. Chenye loki kikijikunja, rudisha. Kifunge, pitisha dole gumba polepole kando ya mpini: ncha isikuguse hata kidogo, lazima izame ndani. Kitikise kikiwa kimefungwa, kisifunguke. Mwisho omba kipande cha gazeti ukikate kuanzia ukingoni; kinapokwama, ndipo makali yalipopinda au hayapo. Vinavyoandikwa jina kubwa na kuuzwa bei ya chipsi mayai ni feki, hata muuzaji akikuapia. Victorinox halisi jina lake limechapwa kwenye chuma chenyewe, chini ya bapa karibu na pini, na herufi ni safi. Njia nzuri zaidi ni wageni: wengi hugawa vifaa vyao safari inapoisha, na kisu kilichotumika miaka kadhaa kwa uangalifu kinakizidi kipya cha mezani.

Kunoa, naomba sana: usimpe mnoaji wa mashine. Anafanya kazi nzuri kwenye panga na jembe, lakini bapa jembamba linapata moto kwenye lile gurudumu ndani ya sekunde chache. Ukiona ukingo umegeuka rangi ya bluu, chuma kimepoteza ukomavu wake mahali hapo na makali hayatakaa tena. Tafuta jiwe lako, lilowanishe, laza bapa, kisha inua mgongo wake kiasi cha sarafu mbili zilizopandana. Sukuma kama unayetaka kukwangua safu nyembamba ya jiwe, pande zote sawa, bila kubadili mlalo. Mlalo ukiyumba unazungusha makali badala ya kuyanoa.

Vumbi la barabarani linaingia kwenye pini na kukifanya kisu kiwe kizito kufungua. Osha kwa maji ya moto na sabuni, toa uchafu kwa kijiti cha meno, kausha, weka tone la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya kula yanafaa kwenye bapa kwa muda wa kumenya tu. Kwenye pini yanaganda na kunata.

Kukibeba: mfuko wa mbele wa suruali, peke yake, bila sarafu wala funguo. Ukipanda boda kihamishie kwenye mfuko wenye zipu, maana ukikaa mfuko unapanuka na vitu vinateleza. Mtu akikuomba, mpe kikiwa kimefungwa, akifungue mwenyewe. Mahakamani, benki, uwanja wa mpira na baa usiende nacho kabisa. Na siku unasafiri kwa ndege kutoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kihamishie kwenye begi kubwa la kukabidhi tangu usiku ukiwa nyumbani, kwa sababu kwenye begi la mkononi kitachukuliwa pale kwenye mashine ya ukaguzi.