Kupima uhai wa punje kwa leza

Nunua mahindi yasiyotiwa dawa. Mimi huyachukua soko la Kiboriloni, Moshi. Loweka usiku kucha. Nusu yake uyachemshe, uyaache yapoe kabisa, maana mvuke nao hutikisa mwanga.

Funga leza nyekundu ya kalamu kwenye kibanio, si mkononi, na kamwe usiielekeze machoni. Tanua mwale kwa lenzi. Gizani utaona chembechembe za mwanga juu ya punje: kwenye punje hai zinatokota kama uji, kwenye iliyochemshwa zimetulia zaidi.

Simu ikiwa imefungwa imara, piga picha ya nusu sekunde. Gawanya mkengeuko sanifu wa mng'ao (kipimo cha jinsi mng'ao unavyotawanyika kutoka wastani) kwa wastani wake; jibu likiwa dogo, mwendo ndani ya punje ni mwingi, dalili ya uhai. Lori likipita barabara ya Arusha na kutikisa meza, wanangu, rudieni.