Rufaa ya Utengamao wa Moyo: Iombe Kabla Hujatoka Wodini

Mgonjwa aliyenusurika shambulio la moyo, aliyewekewa stenti (kijibomba kinachouweka wazi mshipa wa moyo), aliyepandikiziwa mishipa au kubadilishiwa valvu (vilango vya moyo), pamoja na yule mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri lakini hali yake imetulia, anastahili kuandikiwa utengamao wa moyo. Huu ni mpango wa wiki kadhaa wenye mazoezi yanayosimamiwa, elimu ya dawa na chakula, msaada wa kuacha sigara, na ushauri wa kumwondolea mgonjwa hofu. Ni sehemu ya matibabu sawa na vidonge, ingawa wengi hurudi nyumbani na mfuko wa dawa na agizo moja tu: pumzika.

Rufaa iombwe mgonjwa angali kitandani. Siku ya kuruhusiwa huwa na pilikapilika za malipo, bima na usafiri, na lisiloandikwa siku hiyo aghalabu hungoja mpaka tarehe ya kliniki, iwapo litakumbukwa. Utafiti wa hospitali kadhaa za Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba palipokuwa na utaratibu wa kumwandikia rufaa kila anayestahili, na mhudumu akakaa na mgonjwa kumweleza, takriban asilimia 86 walipata rufaa. Palipoachiwa kumbukumbu ya daktari peke yake, walikuwa kama asilimia 32. Ikiwa wodi yako haina utaratibu huo, muulize daktari bila kuona haya: "Nimeandikiwa mazoezi tiba? Nitaanza lini, na nani atanisimamia?" Wanawake na wazee wahimizwe zaidi kuuliza, maana ndio wanaosahaulika mara nyingi.

Barua yenye maneno "apewe mazoezi" haimsaidii sana mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Anahitaji kujua ugonjwa na tarehe ya upasuaji au ya kuwekewa stenti, nguvu ya moyo kwa mujibu wa kipimo cha eko (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti), kipimo cha umeme wa moyo, presha, dawa zote na dozi zake, maradhi mengine kama kisukari au maumivu ya magoti, na yale ambayo daktari ameyakataza. Isome mbele ya aliyeiandika, kisha ubaki na nakala.

Umbali ndio unaowakwamisha wengi. Nchini Marekani mpango wa kawaida una vipindi 36, mara nyingi vitatu kwa wiki. Mtu aliyetibiwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na kwao ni Kigoma, hawezi kukaa kwa ndugu miezi mitatu kwa ajili hiyo. Basi aombe barua ielekezwe kwenye kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya rufaa ya mkoa wake, au apangiwe mazoezi ya nyumbani baada ya kupimwa na kufundishwa, na afuatiliwe kwa simu. Kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia, tafiti zimeonyesha kuwa mpango wa nyumbani hutoa matokeo yanayokaribiana na ule wa kituoni.

Siku ya kwanza ya mazoezi vaa viatu vya kutembelea, kunywa dawa zako kama kawaida, na usije na njaa wala shibe kubwa. Huenda ukapimwa umbali unaoweza kutembea kwa dakika sita, na matokeo hayo ndiyo yatakayotumika kukupangia kiwango. Usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo peke yako, kwa kuwa baadhi ya dawa za moyo huyapunguza hata unapojitahidi. Kipimo rahisi ni pumzi. Ukiweza kuzungumza lakini usiweze kuimba, uko pazuri.

Nyumbani, wengi huanza kwa kutembea dakika tano hadi kumi kwenye uwanja wa tambarare, mara mbili kwa siku, wakiongeza kidogo kidogo mpaka dakika thelathini. Aliyepasuliwa kifua asibebe kitu kizito wala kusukuma kwa mikono mpaka mfupa uunge, jambo linalochukua wiki sita hadi kumi na mbili. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na kwa kipindi hicho si yake. Hapa familia huwa na makosa ya aina mbili: wapo wanaomwachia mama ndoo kwa sababu amesharudi, na wapo wanaomhurumia baba hata hasimami kwenda kuchukua maji ya kunywa. Huruma hiyo ya pili humdhoofisha misuli.

Simama mara moja ukihisi maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au kushindwa kupumua. Maumivu yasipoisha kwa kupumzika na kutumia dawa ya chini ya ulimi kama ulivyoelekezwa, nenda hospitali bila kungoja asubuhi. Usifanye mazoezi ukiwa na homa. Mwenye moyo kushindwa ajipime uzito kila asubuhi, na akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu awasiliane na kliniki, kwani huenda maji yanajikusanya mwilini.

Andika katika daftari dakika ulizotembea, presha, uzito na siku ulizokosa pamoja na sababu yake, iwe ni nauli, mvua au msiba. Lipeleke kliniki kila mara. Kama dakika zako hazijaongezeka kwa wiki tatu mfululizo, omba mpango upitiwe upya na kipimo cha dakika sita kirudiwe.