Stendi Umebeba, Mbona Picha ya Maporomoko Bado Ina Ukungu?

Wiki iliyopita rafiki yangu alinionyesha picha alizopiga kwenye matembezi ya porini. Maji ya maporomoko yalikuwa meupe pe, hayana hata mchirizi mmoja, na mawe yalikuwa na ukungu, yaani hayakutoka makali, ilhali stendi ya kamera yenye miguu mitatu alikuwa nayo. Tulizipitia moja moja. Nimeandika tuliyozungumza kwa yeyote anayepata shida hiyo.

1. Chagua mwanga. Siku ya mawingu, au asubuhi kabla jua halijaingia bondeni. Jua la utosini huunguza povu, yaani hulifanya jeupe tupu lisilo na mchirizi, na kufanya vivuli kuwa vyeusi ti. Jua ulitake pale tu unapotafuta upinde wa mvua, na hapo jua liwe mgongoni mwako.

2. Mipangilio. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata). Usikimbilie f/22 ili kupunguza mwanga; kwenye tundu dogo hivyo mwanga hupinda na picha nzima hulegea. Kazi hiyo iachie filta, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi.

3. Filta. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, nunua polaraiza, filta ya kuondoa mng'ao. Izungushe huku ukitazama jiwe lililolowa: mng'ao unaondoka, rangi ya jiwe na kijani cha majani vinajitokeza. Hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia rangi iliyofichwa na mng'ao. Ila ukiwa na upinde wa mvua mbele yako, izungushe kwa uangalifu, maana inaweza kuufuta. Ya pili iwe ND, filta yenye giza ya kupunguza mwanga, ya hatua 6 (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), ambayo hugeuza muda wa 1/60 ya sekunde kuwa kama sekunde 1. Ile ya hatua 10 siipendi kwa maporomoko.

4. Muda wa shata, yaani muda ambao kamera huacha mwanga uingie. Anza na 1/4 hadi 1/2 ya sekunde. Hapo maji yanakuwa laini lakini nyuzi zake bado zinaonekana. Sekunde 10 huyageuza maziwa, na mto unapoteza nguvu zake. Maji yakiwa mengi na yenye kasi, punguza muda huo zaidi.

5. Kuondoa ukungu. Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima siku moja, nikirudia picha ileile bila kujua kosa liko wapi. Makosa ni kadhaa, na mara nyingi huja pamoja.

Kwanza, fokasi, yaani kulenga lenzi ili picha iwe kali. Filta yenye giza ikishafungwa, kamera inaweza kushindwa kuona pa kulenga. Lenga kabla ya kuifunga, kisha hamia fokasi ya mkono. Lakini angalia: unapozungusha filta, vidole huweza kusogeza pete ya fokasi bila wewe kuhisi. Hilo ndilo lililonipata. Siku hizi naishika lenzi kwa nyuma, na nikishafunga filta napiga picha moja na kuikuza kwenye skrini kabla ya kuendelea.

Pili, zima mfumo wa kutuliza mtikisiko kamera ikiwa juu ya stendi. Kwenye lenzi nyingine mfumo huo wenyewe ndio unaotikisa. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili mkono wako usiiguse kamera.

Tatu, stendi yenyewe. Miguu ikiwa ndani ya mkondo, maji huitetemesha. Isogeze kwenye mwamba, na usiinue nguzo ya katikati.

Nne, matone. Karibu na maporomoko mvuke hutua kwenye kioo ndani ya sekunde chache. Funika lenzi kwa kitambaa, funua, futa, piga hapohapo. Beba vitambaa vitatu vikavu; kimoja hakitoshi hata kidogo. Kwenye skrini ndogo tone halionekani, kwa hiyo kuza kila picha.

6. Histogramu, grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera. Ikigonga ukuta wa kulia, punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua. Povu lililoungua halirudi.

Na ukiwa umeinamia kamera, utazame mto pia. Maji yakianza kuwa ya tope, au yakipanda kwenye jiwe lililokuwa kavu ulipofika, kusanya vifaa na kupanda juu mara moja, hata kama kwako anga ni jeupe. Mvua inaweza kuwa inanyesha kule mto unakotoka.